Ziada ya Mkono wa Sabra

Jumamosi, 17 Machi 2007. Ruaruke.

Daftari, sina cha kujitetea ila jicho. Tangu Epifania sijakuandikia hata mstari mmoja — mimi niliyekuwa nikiwaadhibu watoto kwa kukosa siku moja! Walinitoa mtoto wa jicho la kulia, kisha daktari akanikataza kusoma, kuandika, kuinama na kugombana. La mwisho ndilo lililonishinda. Wiki kumi. Leo marufuku imekwisha. Nimeuona mshono wa shuka langu bila miwani. Mungu ashukuriwe!

Na kazi ilikuwa inanisubiri mlangoni. Asubuhi amekuja Mwinyimvua, mwenyekiti wa Ushirika wetu wa Akiba, kwa pikipiki kutoka Kibiti. Ni mfanyabiashara wa boriti. Sauti yake hufika kabla yake. Alisema amekuja kunipa pole ya jicho. Chai ilipokwisha, pole ikageuka ajenda.

Mkutano mkuu ni tarehe 14 Aprili. Anataka tuvitoe vipande vyetu vyote katika Mfuko wa Tulia, tuvihamishie Mfuko wa Kasi. Mifuko yote miwili ni ya kampuni moja ya Dar es Salaam. Hukusanya fedha za watu wadogo kama sisi, hununua hisa za makampuni na dhamana za Serikali, na kila mwenye vipande hupata sehemu yake. Mwaka jana Kasi ilipanda asilimia 25. Tulia 17.

"Ishirini na tano, Mwalimu! Hata kipofu anaona." Kisha akakumbuka jicho langu, akaomba radhi mara tatu.

Nikamwambia mimi ni katibu, nitapima kwanza. Akacheka. Upime nini, na namba zimekwisha kupimwa?

Hapa naandika ambalo sikumwambia. Meneja wa Tulia ni Sabra. Sabra binti Mwanamina wa Mbuchi, niliyemfundisha kugawanya kwa tarakimu mbili, aliyekuwa akiingia darasani na matope ya mikoko mpaka magotini na majibu yote sahihi.


Jumatatu, 19 Machi

Barua kutoka kwa Sabra. Kosa moja tu la herufi katika kurasa nne. Si haba!

Habari yenyewe si nzuri. Sisi wa Kibiti ndio wenye vipande vingi kuliko wote katika Tulia. Tukijitoa, mfuko utakuwa mdogo mno. Kampuni itaufunga mwisho wa Juni, na yeye atapoteza kazi. Ameandika hivyo kwa sentensi moja, bila kulia. Kisha: "Usinipendelee, Mwalimu. Nipime."

Na njia ya kupima ameieleza. Soko zima la hisa likipanda, anasema, mifuko yote hupanda, hata ule ambao meneja wake amelala. Kwa hiyo usitazame mfuko umepanda kiasi gani. Tazama kwanza umebeba hatari kiasi gani ya soko: soko likitikisika kumi, wenyewe hutikisika ngapi? Kisha uliza: kwa hatari hiyo, ulistahili kupata ngapi? Kilichozidi hapo ni kazi ya meneja. Kilichopungua nacho ni kazi yake.

Ametumia herufi za Kigiriki. Sizihitaji. Kiasi ambacho mfuko hulifuata soko nimekiita mfuato. Kinachobaki baada ya soko kuchukua chake nimekiita ziada ya mkono. Kiswahili kinatosha.

Vifaa ninavyo. Thamani ya vipande kwa kila Ijumaa imo katika daftari la Ushirika. Kampuni hutuma kwa simu, karani huandika siku hiyo hiyo. Fahirisi ya soko, yaani ile namba moja inayojumlisha bei za hisa zote, nimeikata gazetini kila juma. Kila kijikaratasi nimekigonga muhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe, kama nilivyogonga kila barua ofisini kwa miaka kumi na saba nilipokuwa mwalimu mkuu Kibiti. Mabaki ya gazeti humpa Mashavu jirani yangu afungie vitumbua. Hakuna kinachopotea katika nyumba hii.


Jumatano, 28 Machi

Karatasi ya grafu ukutani. Kulia na kushoto, mwendo wa soko. Juu na chini, mwendo wa mfuko. Kila wiki ya mwaka 2006, nukta moja. Nyekundu Kasi, buluu Tulia. Wiki hamsini na mbili mara mbili. Daftari la tatu la kujumlisha limejaa.

Kibwana, fundi baiskeli, ameniletea magazeti kutoka Kibiti kama kawaida yake. Alinikuta nimevuta uzi mweusi juu ya karatasi, natafuta mahali nukta za juu na za chini zitakapolingana.

"Shikamoo Mwalimu. Unashona?"

"Marahaba. Napima."

"Unapima nini kisicho na miguu wala uzito?"

Mtu huyu nilimrudisha darasa la tano. Wakati mwingine najiuliza kama ilitosha.


Ijumaa, 30 Machi

Nimemaliza. Afadhali nisingemaliza.

Nukta zimetawanyika kama mpunga uliomwagwa mbele ya kuku. Uzi haujui ulale wapi. Nikapiga hesabu kamili, mara mbili. Soko likipanda kumi, Kasi hupanda tatu tu. Tulia hupanda moja.

Sasa hesabu ya mwaka. Dhamana za Serikali, zisizo na hatari, zilitoa 8. Soko 20, kwa hiyo waliothubutu kuingia sokoni walilipwa 12 juu ya 8. Kasi, kwa mfuato wake wa 0.3, ilistahili 11.6. Ilipata 25. Ziada ya mkono: 13.4! Tulia ilistahili 9.2, ikapata 17. Ziada: 7.8.

Basi meneja wa Kasi, Bwana Lucas nisiyemfahamu, ana mkono karibu mara mbili ya mkono wa Sabra. Mwinyimvua alikuwa sahihi bila hata penseli.

Aliniambia nimpime. Nimempima. Tarehe 14 nitanyoosha mkono kuunga Kasi. Fedha ni za watu 214: wauguzi, walimu wastaafu, wakulima wa Mahege, wavuvi wa visiwani. Si zangu kumpendelea nazo mtu.


Jumatatu, 2 Aprili

Jana ilikuwa Jumapili ya Matawi. Sikuimba vizuri.

Mama yake Sabra hatasikia habari hii kwa watu. Nakwenda Mbuchi mwenyewe.


Jumatano, 4 Aprili. Mbuchi.

Naandika juu ya dungu la Mwanamina, kile kibanda cha miguu mirefu wanachokaa kulinda mpunga. Kalamu inatetemeka kwa sababu mwenye dungu anapiga debe kufukuza ndege. Lazima niandike sasa hivi, kabla sijashuka.

Nilifika asubuhi, baiskeli ya kubebwa kisha mtumbwi. Nilimwambia yote. Alinisikiliza, akatupa donge la udongo kwa ndege, akaniuliza kama nimekula. Hakuna lawama. Nilitamani lawama.

Tukala, tukazungumza mambo ya mpunga. Nikamuuliza, kwa adabu, kwa nini shamba la jirani limestawi kuliko lake.

"Yule kalima ukingoni mwa mto, Mwalimu. Maji yakiwa mazuri anavuna gunia kumi na nane, anatuita wavivu. Mwaka juzi maji yalikuja vibaya, alivuna nini? Alikuja kuomba mbegu kwangu. Mimi nimelima ukingoni kidogo na juu kidogo. Sisifiwi ngomani, lakini siombi mbegu."

Nikamwambia hicho ndicho anachosema binti yake kwa Kigiriki. Akacheka sana.

Kisha akasema, kama mtu anayezungumzia mvua tu: "Redio imesema mto umejaa Utete tangu Jumapili. Hapa maji yatafika kesho, keshokutwa. Kuna wageni hapa, wakisikia redio wanakimbilia shambani siku ile ile, wanakuta pakavu. Wanasema redio inasema uongo! Redio haisemi uongo. Maji yana safari yake."

Niliacha kutafuna.

Maji yana safari yake. Na gazeti je?

Nilipokaa Kibiti, gazeti lilinifikia jioni ile ile. Lakini mimi sikai Kibiti tena! Tangu nistaafu nipo Ruaruke, na gazeti hulala dukani Kibiti mpaka Kibwana apate safari. Siku tano. Kumi. Masika, barabara ikikatika, wiki mbili na zaidi. Na mimi nimegonga muhuri wa siku lilipofika, nikalipanga soko kwa tarehe ya muhuri! Vipande kwa tarehe ya kweli, soko kwa tarehe ya baiskeli ya Kibwana. Nimepima mpunga wa leo kwa maji ya juzi. Ndiyo maana nukta zimetawanyika. Ndiyo maana hakuna mfuko uliofuata chochote!

Nilisimama ghafla, dungu likayumba. Mwanamina akanishika kanga. "Mwalimu! Utaanguka ufe, waseme nimekuua kwa ajili ya binti yangu."


Alhamisi, 5 Aprili. Ruaruke.

Nimefika saa saba. Alhamisi Kuu, na mimi akili yangu iko kwenye magazeti. Nitaungama.

Tatizo: vijikaratasi nimevikata kwa unadhifu mkubwa. Fahirisi tu. Tarehe ya juu ya ukurasa imekatwa, na kurasa zenyewe Mashavu amefungia vitumbua, na vitumbua vimeliwa. Kwa mwaka mzima nimejisifu unadhifu huu.

Nilikuwa nimekaa navyo mezani, vimepinduka, Kibwana alipopita kudai nauli ya baiskeli. Akachungulia. Akaokota kimoja.

"Ah! Siku hii! Penalti ile haikuwa penalti."

Nyuma ya fahirisi huwa ukurasa wa michezo. Sikuwahi kuusoma hata mara moja.

"Kibwana, unajua hili ni gazeti la tarehe ngapi?"

"Mwalimu, mechi ilikuwa Ijumaa, mvua, tukafungwa moja. Kesho yake mke wangu akajifungua. Tarehe kumi na tisa Agosti." Hakufikiri hata kidogo. Akachukua kingine. "Hii Septemba. Kipa alikuwa yule aliyeazimwa."

Nikamwambia akae. Nikamwekea kiti changu mwenyewe.

Mpaka magharibi alikuwa amevitambua arubaini na saba katika hamsini na viwili. Tarehe, mwezi, nani alifunga, dakika ya ngapi. Vitano vilivyobaki vikaingia kwenye mapengo kwa mfuatano wa mihuri. Kimoja kilikuwa kimechelewa siku kumi na tisa!

Nilimuuliza kwa nini kichwa hiki hakikuwahi kujibu swali langu hata moja la historia.

"Hukuwahi kuuliza matokeo, Mwalimu."

Nilimpa vitumbua sita.


Jumatatu, 9 Aprili. Jumatatu ya Pasaka.

Amefufuka, na nukta zimejipanga!

Siwezi kueleza vizuri. Jana baada ya misa nilibandika karatasi mpya. Nikaanza kuweka nukta kwa tarehe za kweli. Kufika wiki ya kumi tayari zilikuwa zinapanda kwa mstari, kama watoto waliosikia kengele. Nyekundu mlima mkali. Buluu mwinuko wa upole. Uzi ulilala wenyewe!

Mfuato wa Kasi ni 1.6. Soko likipanda kumi, hupanda kumi na sita. Likishuka kumi, hushuka kumi na sita — na hapo ndipo Mwinyimvua hajatazama. Mfuato wa Tulia ni 0.5. Tano kwa kumi, juu na chini.

Sasa stahili yao. Kasi: 8, na 12 mara 1.6. Jumla 27.2. Ilipata 25. Ziada ya mkono: chini ya sifuri! Pungufu 2.2. Kwa hatari waliyowabebesha watu, walipaswa kuleta zaidi ya walicholeta. Tulia: 8, na 12 mara nusu. Jumla 14. Ilipata 17. Ziada: 3.

Tatu tu. Si ile 7.8 ya hesabu mbovu. Lakini hizi tatu ni zake halali, hazikuletwa na soko. Zililetwa na binti wa Mbuchi aliyechagua hisa zipi anunue na zipi aziache.

Nimejiandikia sifuri kwa wino mwekundu juu ya karatasi ya kwanza, na tarehe. Sitaichana. Nitaipeleka mkutanoni pamoja na ya pili.


Jumamosi, 14 Aprili. Kibiti.

Mkutano umekwisha saa kumi na moja. Sauti imenikauka. Naandika nyumbani kwa Mashavu mdogo, binamu yake jirani yangu, ninakolala leo.

Bwana Lucas alikuja mwenyewe kutoka Dar es Salaam. Kijana mtanashati, ana heshima, amegawa kalenda na fulana za njano. Aliwaita wazee wetu "wazazi wangu." Aliandika 25 na 17 ubaoni kwa tarakimu kubwa kama milango, akakaa. Watu wakapiga makofi. Sikushangaa.

Nikasimama na karatasi zangu mbili. Nikaanza na ile mbovu. Nikaeleza kosa langu lote: muhuri, gazeti, baiskeli.

Akainua mkono. "Samahani, Mama. Kwa hiyo unakiri ulikosea?"

"Nimeleta kosa langu mwenyewe, mwanangu. Wewe umeleta fulana."

Vicheko. Lakini vicheko si kura. Nikaeleza mfuato kwa mpunga: wa ukingoni na wa juu kidogo. Watu wa visiwani wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali na kunong'onezana. Hao walielewa upesi kuliko walimu wenzangu! Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe huyu bwana kalima ukingoni." Lucas akatabasamu, akasema hesabu za karatasi za mistari waliziacha sekondari.

"Basi mliziacha mapema mno."

Mwinyimvua akagonga meza. Akasema maneno yangu ni matamu lakini yote ni ya mwaka jana. Mwaka jana ndio huo, Kasi ilishinda! Nani amewahi kula hatari?

Hapo nilikuwa nimejiandaa. Nikatoa bahasha. Nikasema: sijui soko litapanda au litashuka, anayejua hayo aniambie na mimi. Lakini najua mifuko hii itafanya nini likipanda au likishuka. Nimeandika humu ndani. Ifungwe kwa lakiri, iwekwe katika sanduku la Ushirika, ifunguliwe baada ya wiki tano. Nikikosea, nitaunga Kasi kwa mikono miwili.

Kelele. Lucas alisema ni sawa kwake. (Nimpe haki yake: alisema mara moja, bila kusita.) Kura za kusubiri 97, za kuhama leo 88.

Baadaye nje, Mwinyimvua alininong'oneza kwamba fedha zake binafsi ameshazihamishia Kasi tangu Februari. Nikamwambia basi na tuombe dua.


Ijumaa, 11 Mei. Ruaruke.

Mvua. Kibwana amefika na magazeti, yamefungwa nailoni. Sasa huandika mwenyewe juu ya kila moja siku lilipochapwa na siku lilipofika. Mwandiko mbaya, tarehe nzuri.

Soko linashuka. Wiki ya tatu mfululizo.

Naona aibu kufurahi. Nimesali kidogo kwa ajili ya Mwinyimvua.


Jumamosi, 19 Mei. Kibiti.

Niandike polepole, mkono unataka kukimbia!

Ukumbi ulijaa hata madirishani. Karani akasoma kwanza daftari la simu, Ijumaa ya 13 Aprili mpaka Ijumaa ya jana. Soko limeshuka 6. Kasi imeshuka 10. Tulia imeshuka 2 na nusu.

Kisha bahasha. Nilikataa kuifungua mwenyewe. Mwanamina alikuwa amekuja na wenzake wa Mbuchi kwa mtumbwi na lori. Wakampa yeye kama mtu asiyejua kusoma, ili pasiwe na hila. Akaivunja lakiri kwa meno. Akampa mwalimu mstaafu mmoja. Mwalimu akasoma mwandiko wangu:

"Kwa kila sehemu moja soko litakayopanda au kushuka, Kasi itapanda au kushuka karibu moja nukta sita, na Tulia karibu nusu."

Watu walikuwa wanazidisha. Nawajua wanafunzi wangu wanapozidisha, midomo hucheza. Sita mara moja nukta sita: tisa nukta sita. Imeshuka kumi! Nusu ya sita: tatu. Imeshuka mbili na nusu!

Mtu wa kwanza kupiga kelele alikuwa Kibwana, dirishani, kama mpira umeingia wavuni. Kisha ukumbi mzima. Wanawake wa Mbuchi wakapiga vigelegele mpaka karani akaziba masikio. Nilikosea kidogo kila upande, na kosa dogo kama lile ni tamu kuliko jibu la kubahatisha.

Mwinyimvua alisimama. "Jamani. Wanangu wote watatu Mwalimu Eufrasia kawachapa. Nilikuwa nasubiri zamu yangu. Imefika, na fimbo ni penseli." Akaondoa hoja yake mwenyewe. Tunabaki Tulia. Hakuna mkono hata mmoja uliopinga.

Si hivyo tu. Mzee wa visiwani akataka iandikwe katika muhtasari kwamba kuanzia sasa hakuna mfuko utakaosifiwa mbele ya Ushirika bila kutajwa mfuato wake. Imeandikwa. Kwa mwandiko wangu.

Mwanamina alinipitishia kitambaa, nikadhani ni cha jasho. Alikuwa ameona kabla yangu kwamba nalia. Jicho jipya, nilimwambia. Bado linavuja.


Jumanne, 29 Mei

Lucas amenipigia simu. Sauti si ile ya fulana. Anasema hakuwahi kujipima hivyo. Alikuwa akipewa 25 na kupongezwa, naye akaamini. Aliuliza swali ambalo sikulitarajia: "Mama, mtu anaweza kuzibadili nukta zake?"

Nikamwambia za nyuma hapana. Nikamwambia anunue karatasi mpya.

Barua ya kampuni imekuja pia. Bodi yao imeomba nakala ya karatasi zangu zote mbili, pamoja na ile yenye sifuri. Watakutana Alhamisi tarehe 7 Juni. Tulia haitafungwa, hilo limekwisha. Wataamua mawili: kama mameneja wao wote wapimwe kwa ziada ya mkono kuanzia mwaka huu, na kama Kasi nayo ikabidhiwe Sabra.

Nimeirudia barua mara nne. Makosa ya herufi matatu. Nimeyasamehe.


Alhamisi, 7 Juni. Kibiti, ofisi ya Ushirika.

Saa nane na robo mchana. Simu ya Ushirika iko katikati ya meza, juu ya kitambaa cha kufuma, kama maiti ya mtu mashuhuri. Hakuna anayethubutu kuigusa isipokuwa Mwinyimvua, ambaye huiinua kila baada ya dakika tano kuona kama ina moyo.

Sabra alituma ujumbe saa nne: "Mwalimu, tumeingia." Tangu hapo, kimya.

Mwanamina ameleta mchele mpya. Amevuna. Maji yalikuwa ya wastani mwaka huu. Jirani yake wa ukingoni amepata gunia saba, yeye tisa. Ameniambia hayo kama jambo dogo, lakini amelisema mara mbili, na mara ya pili alinitazama aone kama nimeandika. Nimeandika. Tisa.

Kibwana amefunga kibanda chake tangu asubuhi. Nimemuuliza nani anatengeneza baiskeli za watu. Anasema leo watu watembee.

Jana alinipeleka ukutani kwangu kunionyesha jambo. Kwenye karatasi mpya ya mwaka 2007 nimeshaweka nukta ishirini na mbili za Tulia. Ziada ya mkono inaelekea tatu na nusu. Hakuna mkutano wala bodi inayoweza kuziondoa pale. Hilo limenitosha, naandika ukweli, limenitosha kabla simu haijalia. Lakini Sabra ana miaka thelathini na mbili, na yeye anahitaji zaidi ya kutosheka.

Mwanamina ameuliza, kwani bodi ni watu wangapi? Saba, nikamjibu. Akasema watu saba kumjadili mtoto mmoja tangu saa nne, si watapata njaa?

Simu imetikisika! Hapana — ni kampuni ya simu, inatutangazia vocha. Mwinyimvua ametamka neno ambalo sitaliandika.

Saa nane na nusu. Sasa imeanza kulia kweli. Namba ya Dar es Salaam. Wote wananitazama mimi. Nimewaambia apokee mama yake. Anafuta mikono kwenye kanga, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, hana haraka, kama mtu anayejua siku za maji.

Nafunga kalamu. Uamuzi ukiwa umepatikana nitauandika hapa, daftari, na kwa tarehe mbili: siku walipouamua, na siku uliponifikia.